Barua ya wazi: Getini Mererani jiwe linakaguliwa, kifua hakikaguliwi

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Madini, Waziri wa Afya, na Waziri mwenye dhamana ya kazi. Nakala kwa Tume ya Madini, OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), Mkuu wa Mkoa wa Manyara na wamiliki wote wa vitalu vya tanzanaiti.

YAH: VUMBI LA MIGODINI NA KIFUA KIKUU

Waheshimiwa,

Mimi ni mama lishe hapa Mererani. Kibanda changu kiko kando ya njia ya kwenda kwenye geti la migodi ya tanzanaiti, na naamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa ili ikifika saa kumi na moja na nusu supu na chapati ziwe tayari. Wateja wangu ni wanaapolo, yaani vijana na wazee wanaoshuka mashimoni kuchimba. Kabla sijawaona nawasikia. Giza bado halijaondoka, nyuso hazijaonekana, lakini kikohozi kinatangulia barabarani. Kuna kikohozi kikavu cha vijana walioanza juzi, na kuna kile kizito cha watu wazima, cha mtu anayesimama, anashika goti, anamaliza, anatema pembeni, ndipo anaendelea na safari. Baada ya miaka mingi ya kupika hapa, wengine nawajua kwa kikohozi kabla ya kuwajua kwa jina.

Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alishuka mgodini kwa miaka 14. Nimemzika, na siandiki ili nipewe pole. Naandika kwa sababu katika miaka ya ugonjwa wake nilizunguka naye vituo vingi, baadaye nikafundishwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanaokohoa, na sasa naelewa jambo ambalo nililipia gharama kubwa sana kulielewa. Kifua kikuu cha Mererani hakitakwisha kwa vidonge peke yake. Wizara ya Afya inatibu wadudu, Wizara ya Madini inasimamia jiwe, na vumbi lililo katikati halina mwenyewe. Mtu wetu anafia hapo katikati.

Nianze na nguo. Kila jioni nilikuwa namfulia mume wangu ovaroli. Maji ya kwanza yanatoka meusi tii, ya pili meusi, ya tatu ya kijivu yenye kung'aa. Hicho ni kinywe, madini meusi kama ya kalamu ya risasi, kinateleza vidoleni kama mafuta. Kwa miaka nilidhani weusi ule ndio ubaya wenyewe, na kwamba nikishafua vizuri basi nimeumaliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wa kwetu hakuwa nguoni. Nilikuja kuelezwa na daktari kwamba vumbi la kuogopwa kuliko yote halionekani kwa macho. Ni lile linalotoka kwenye jiwe gumu jeupe, kwatzi, mashine inapotoboa mwamba. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hazikwami puani wala kooni. Zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya mwisho kabisa vya hewa, na zikifika huko hazitoki tena. Kitambaa alichokuwa anajifunga usoni hakikuweza kuzizuia.

Mwaka 2015 alianza kukohoa. Tulifanya wanachofanya watu wote hapa, tukaenda duka la dawa. Dawa ya kikohozi chupa ya kwanza, ya pili. Mahali pengine tukaambiwa ni malaria, pengine ni taifodi, tukanunua na dawa za kuua bakteria za siku tano. Wiki zikawa miezi. Usiku alikuwa anatoa jasho mpaka nabadilisha shuka, na suruali yake ikaanza kushikiliwa na kamba. Nilimtengea kikombe chake, cha bluu cha plastiki, nikawakataza watoto wasikiguse. Nakitaja kikombe hicho kwa sababu bado kinaniuma. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, wala kijiko, wala kushikana mikono. Kinaambukizwa kwa hewa: mgonjwa ambaye hajaanza dawa anakohoa, anapiga chafya, anaimba, hata anaongea, na wadudu wanabaki wakielea kwenye chumba kisicho na dirisha. Mimi nilitenga kikombe na kufunga dirisha kwa sababu ya baridi. Nilimnyanyapaa mume wangu mchana na kuwaacha watoto wangu wavute hewa ileile usiku kucha.

Siku alipopimwa hatimaye, ilikuwa rahisi mno. Alitoa makohozi kwenye kikopo, yakaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, na majibu yakatoka siku hiyohiyo. Mashine hiyo inachukua chini ya saa mbili, na inasema pia kama wadudu wamekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Miezi yote ile ya kuhangaika, na jibu lilikuwa la saa mbili.

Akapewa dawa bure, na hilo naishukuru nchi yangu bila kinyongo. Dawa nne ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, aisoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza kwa miezi minne. Nesi alituonya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa tusishtuke. Mtoto wetu mdogo akapewa dawa za kinga. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake wa dawa, nikimtazama anameza kila asubuhi, na kila akimeza niliweka alama kwenye kadi.

Naomba msimame kidogo kwenye hiyo miezi 6, maana ina historia ambayo watu wetu wengi hawaijui, nami niliijua nikiwa mtu mzima. Robert Koch alimtangaza mdudu wa kifua kikuu pale Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kwa miongo mingi baada ya hapo kulikuwa na jina la mdudu na hakuna dawa. Mgonjwa alipelekwa kwenye hewa nzuri ya mlimani, akalazwa, akalishwa, akasubiriwa. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa kazi hiyo. Dawa zilipokuja, streptomaisini miaka ya 1940 na aisoniazidi mwaka 1952, tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliiacha njiani. Iliyofupisha tiba ile ni Afrika Mashariki. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubali kujaribiwa dawa kwa miezi 6, na majaribio yao yalionyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, muda mfupi unatosha. Kisha mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akaja daktari Karel Styblo kufanya kazi na wataalamu wetu, na utaratibu uliojengwa humu nchini, wa kupima makohozi wilayani, kumsimamia mgonjwa akimeza na kuandika kila mgonjwa kwenye rejista mpaka apone, ndio Shirika la Afya Duniani lilioueneza ulimwenguni miaka ya 1990 kwa jina la DOTS.

Waheshimiwa, dunia ilijifunza kutibu kifua kikuu kwa vifua vya watu wetu. Nasema hivyo kwa fahari, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kukubali kwamba nchi iliyoweza hayo miaka ya 1970 inashindwa kumwagia maji shimo la mgodi leo.

Mume wangu alipona. Baada ya miezi 6 makohozi yalikuwa safi, mwili ukarudi, tukachinja kuku. Wiki iliyofuata alirudi shimoni. Mtaniuliza kwa nini nilimruhusu. Hapa kwetu mwanaapolo hana mshahara. Tajiri, yaani mwenye mgodi, anatoa chakula na posho kidogo, na jiwe likitoka wanagawana. Mtu anaweza kuchimba mwaka mzima bila kuuza kitu, na akiondoka leo, jiwe likatoka kesho, hana lake. Kukaa nje ya shimo miezi 6 tayari kulikuwa kumetumaliza: nauli za kliniki, chakula cha mgonjwa, ada za watoto, na kodi ya chumba tuliyokopa. Dawa ni bure, ndiyo, ugonjwa wenyewe si bure hata kidogo.

Mwaka 2018 kikohozi kilirudi. Wadudu walionekana tena, akatibiwa tena, akamaliza. Mwaka 2020 akaanza kuhema akipanda ngazi tatu za mlangoni kwetu. Tukaenda kituo kimoja, sitakitaja, maana kosa halikuwa la daktari yule peke yake. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na mdudu. Wakatazama picha ya kifua, wakaona makovu, wakasema ni kilekile, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya tatu. Miezi 6 mingine. Hakupata nafuu hata ya siku moja, na kila mtu alimwuliza kama kweli alikuwa anameza dawa. Nilimwona mume wangu, mtu aliyemeza kila kidonge mbele ya macho yangu, akiapa kwa watu wazima wenzake kwamba hadanganyi.

Tulipofika Kibong'oto ndipo tukaulizwa swali ambalo hatukuwahi kuulizwa mahali pengine popote: unafanya kazi gani? Kwa miaka gani? Mnatoboa kwa maji au kavu? Daktari akaweka picha kwenye mwanga akatuonyesha vidoto vilivyojaa juu ya mapafu yote mawili. Silikosisi. Vumbi la jiwe. Akatueleza taratibu, akatumia mfano wa askari. Ndani ya mapafu kuna askari wa mwili ambao kazi yao ni kumeza kila kitu kigeni. Wakimeza mdudu wa kifua kikuu, mara nyingi wanamzuia; ndiyo maana karibu robo ya watu duniani wanaye mdudu huyo mwilini na wengi wao hawataugua kamwe. Wakimeza chembe ya jiwe, chembe inawaua wao. Wanakuja wengine, nao wanakufa, na mahali pao linabaki kovu. Hivyo mtu mwenye silikosisi ana mlango uliovunjwa; uwezekano wake wa kuugua kifua kikuu ni kama mara nne ya asiye nayo, na akiwa pia na virusi vya UKIMWI unapanda zaidi sana. Kifua kikuu kinatibika. Silikosisi haina dawa, na inaweza kuendelea kula mapafu hata mtu akishaacha kuchimba.

Alifariki mwaka 2022 akiwa amekaa, kwa sababu miezi ya mwisho hakuweza kulala chini. Alikuwa na miaka 41.

Sasa nije kwenye geti.

Mwaka 2018 serikali ilizungushia eneo letu ukuta wa kilomita zaidi ya 24, na mlango mmoja. Nia ilikuwa kuzuia tanzanaiti isitoroshwe, na sina ugomvi na nia hiyo; jiwe hili halipatikani mahali pengine duniani, na ni halali nchi ipate chake. Jiwe linalipiwa mrabaha wa asilimia 6 na juu yake ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Juni 2020 mchimbaji mmoja wa hapa alipouza mawe mawili kwa serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, nchi nzima ilishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini kila siku, kwenye mlango huo mmoja, maelfu ya wanaume wanapita, wanasimamishwa, wanapapaswa mifukoni, wanavuliwa viatu, ili isipite hata punje ya jiwe. Mume wangu alipita pale miaka mitatu akiwa amebeba punje za jiwe ambazo hakuna aliyezitafuta. Zilikuwa kifuani.

Hakuna mahali pengine Tanzania ambapo watu walio hatarini zaidi kupata kifua kikuu wanapita wote kwenye mlango mmoja, kila siku, kwa foleni. Wataalamu wa afya kwingine wanahangaika kuwatafuta wagonjwa vijijini. Sisi mmetujengea foleni. Wekeni pale chumba kimoja chenye eksirei ya kubebeka. Siku hizi zipo ambazo picha inasomwa na kompyuta papo hapo, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuziidhinisha mwaka 2021 kwa kutafuta kifua kikuu kwa watu wenye miaka 15 na kuendelea. Wekeni GeneXpert karibu yake. Kila mwanaapolo apigwe picha mara moja kwa mwaka, apewe nakala yake, na aulizwe lile swali la Kibong'oto. Anayekutwa na kifua kikuu aanze dawa siku hiyo. Anayekutwa na vidoto vya vumbi aambiwe ukweli mapema, akiwa bado ana nguvu za kufanya kazi nyingine juu ya ardhi.

Hata hivyo, eksirei inakuta vumbi limeshaingia. Waziri wa Madini, sehemu inayofuata ni yako hasa.

Mashine za kutoboa mwamba zinazotumia upepo wa kompresa zilipoanza kutumika Marekani mwishoni mwa karne ya 19, zilitoboa kavu, kama zinavyotoboa nyingi hapa kwetu. Wachimbaji wa kule wenyewe walizipa jina: waliziita mashine za kuzalisha wajane. Ndipo mtu mmoja wa Colorado, George Leyner, akatengeneza mashine inayopitisha maji katikati ya mtaimbo wake, vumbi likawa linatoka kama tope badala ya moshi. Hiyo ni habari ya zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mwaka 1930 madaktari wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg kwa ajili ya silikosisi tu, wakijua tayari kinachoileta na kinachoizuia. Hakuna utafiti unaosubiriwa. Toboa kwa maji. Mwagia kifusi maji kabla ya kukizoa. Baruti ikilipuka, watu wakae nje mpaka hewa itulie, wasirudi moshi ukiwa bado umetanda kwa sababu tajiri ana haraka. Pulizia hewa safi mpaka mwisho wa shimo. Na wape barakoa halisi za kuzuia vumbi laini, si vitambaa.

Nawajua wenye vitalu, wengine wanakula kwangu, na najua watakachosema: Simanjiro ni kame, maji ya kunywa yenyewe tunanunua kwa madumu, ya kumwaga shimoni yatoke wapi? Hoja hiyo ina ukweli, sitaidharau, mimi mwenyewe nahesabu ndoo. Lakini maji ya kutobolea si lazima yawe ya kunywa. Mgodi unaoweza kununua mafuta ya kuendesha kompresa usiku na mchana, ukanunua baruti na magogo, unaweza kununua boza la maji. Na serikali iliyoweza kujenga ukuta wa kilomita 24 inaweza kuvuta bomba la maji ya kazi mpaka ndani ya ukuta huo. Lifanyeni sharti la leseni. Mkaguzi wa migodi anapokuja kukagua baruti, akague na maji. Shimo linalotoboa kavu lifungwe siku hiyo, kama linavyofungwa lenye baruti isiyo na kibali.

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi nina ombi moja. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya mtu anayeumizwa au kuugua kwa sababu ya kazi. Nilipokwenda kuuliza habari za mume wangu, niliulizwa mkataba wake. Nikasema hana. Karatasi ya mshahara? Hana. Mwajiri wake nani? Nikamtaja tajiri, na tajiri akasema yule hakuwa mwajiriwa, alikuwa mgawana jiwe. Miaka 14 alikuwa mtu wa shimo lake, alilijua kuliko mwenye leseni, na siku ya kufa akawa hakuwahi kuwa mtu wa yeyote. Tafuteni namna. Fedha ya mfuko inaweza kukatwa kwenye jiwe lenyewe linapouzwa, hata kama mchimbaji hana karatasi. Jiwe lina karatasi, na mauzo yake yana rekodi.

Haya si mageni kwa watu wetu. Kabla ya uhuru vijana wa Rungwe, wa Songea na kwingineko kusini walikuwa wakiandikishwa Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, wanasafirishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Wazee waliniambia, wapo waliorudi na baiskeli na masanduku, na wapo waliorudi na kikohozi. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia ya kifua cha wachimbaji tangu mwaka 1912, lakini mchimbaji mweusi alirudishwa kwao kufia mbali na rejista. Ilichukua zaidi ya miaka 100 na kesi ndefu, mpaka mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya makampuni ya dhahabu kulipa Randi bilioni 5 hivi kwa wachimbaji wenye silikosisi na waliopata kifua kikuu kazini, na kwa familia za waliofariki. Miaka 100! Wengi waliokohoa hawakuiona hata senti. Sisi wajane wa Mererani hatuna miaka 100.

Kuna jambo dogo ambalo halihitaji fedha nyingi, nalo linawahusu wenzangu wa Afya. Wanaapolo hawakai mahali pamoja. Wakisikia rashi imetokea mahali, yaani madini yamegunduliwa na watu wanakimbilia, iwe dhahabu au rubi, usiku huohuo wamepanda basi. Nimewaona vijana wakiondoka wakiwa katikati ya dozi, wana vidonge vya wiki moja kwenye begi, na mimi nabaki na namba ya simu isiyopatikana. Dozi ikikatwa hivyo ndipo wadudu wanajifunza kuwa sugu. TB sugu ilianza kutibiwa Kibong'oto mwaka 2009, na kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa sindano za miezi kadhaa ambazo wengine ziliwaacha viziwi. Tangu mwaka 2022 kuna mchanganyiko wa vidonge unaopendekezwa kwa miezi 6 tu, Mungu awabariki waliouleta, lakini afadhali mtu asifike huko. Nachoomba ni kwamba kadi ya TB ya mchimbaji itambulike dirisha lolote, Geita, Mpwapwa, Tunduru, bila barua ya uhamisho na bila kugombezwa. Mtu anayekuja mwenyewe kuomba kuendelea na dawa akipokelewa kwa ukali, harudi mara ya pili.

Mtaniambia fedha. Mwaka 2023 kifua kikuu kiliua watu kama milioni 1.25 duniani, na bado sehemu kubwa ya kuwatafuta wagonjwa Afrika inafanywa kwa fedha za wageni. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona wote jinsi kazi inavyoweza kutikisika kwa sahihi ya mtu mmoja aliye mbali, asiyemjua hata mgonjwa mmoja wa Simanjiro. Ninyi mna kitu ambacho wilaya nyingi hazina. Mna jiwe. Ile asilimia 1 ya kukagua jiwe, ongezeni juu yake, au toeni humohumo, sehemu ndogo ya kumkagua anayelitoa. Sijui kama kuna mnunuzi wa tanzanaiti atakayelalamika kwamba jiwe lake limempima kifua mtu aliyelichimba.

Nawaalika mje. Msije na msafara, maana msafara ukija barabara inamwagiwa maji, vumbi linatulia, na walio wagonjwa wanaambiwa wabaki nyumbani. Njooni siku ya kazi, hata mmoja wenu tu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hakujapambazuka. Kaeni kwenye benchi langu. Nitawapa supu. Msiseme kitu, sikilizeni barabara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mererani, Simanjiro.